Maji ya Udhu, Udongo Mweusi na Mboga za Kitengela

Wapo katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Kwale wazee ambao watoto wao wameolewa au wameajiriwa bara, na katika miaka ya karibuni jina la Kitengela limekuwa likitajwa barazani kama lilivyokuwa likitajwa zamani jina la Eastleigh. Kazi ziko Nairobi na katika viwanda vya Athi River, kodi za nyumba mjini ni nzito, na viwanja vya Kajiado vikawa vinapatikana. Wakahamia. Na kwa kuwa mtu wa pwani haioni nyumba kuwa ni nyumba mpaka pawe na mchicha na mpilipili uani, wengi wao hufika na mbegu mkobani. Miezi mitatu baadaye uani hapana kitu ila ardhi iliyopasuka kama kigae.

Tumezitembelea baadhi ya nyumba hizo, na tumewasikia akina mama wakijilaumu kwamba hawana mkono wa kupanda. Sisi hatuoni hivyo. Mama yule yule aliyekuwa akivuna bamia Likoni bila hata ya kufikiri, mkono wake haukubadilika njiani. Kilichobadilika ni maji na udongo, na asiyevijua viwili hivyo kwanza atapoteza fedha, kisha atapoteza hamu.

Na hasara yenyewe si ya fedha peke yake. Aliyekata tamaa hurudi sokoni kununua sukuma wiki, na si siri kwamba sehemu ya mboga ziuzwazo Nairobi na viungani mwake hunyweshwa maji ya mito iliyochanganyika na maji taka na taka za viwanda. Kifiqhi, mboga iliyomwagiwa maji yenye najisi hutoharika ikioshwa, na mwenye kuila hana lawama kwa upande huo. Lakini madini mazito yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa, hata ukiliosha mara saba. Mzazi mwenye watoto wadogo ana sababu ya kutaka kujua mboga yake imekunywa nini.

Kitengela iko katika nyanda za Athi na Kapiti, zaidi ya mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni kavu, upepo wake hauna kizuizi, na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo mtu wa Malindi huihesabu kuwa ni adhabu. Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka. Huku ni pungufu kwa mbali, nayo huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba, na pengine isije kabisa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, na wafugaji wa Kajiado wakapoteza mifugo mingi. Kisha masika ya 2024 yakaja na mafuriko. Nchi ya namna hii yataka hesabu kabla ya jembe.

Tuanze na maji. Nyumba nyingi za huko hutegemea visima virefu vya mashine, au maboza yaletayo maji kutoka katika visima hivyo hivyo. Maji ya visima vingi vya Kajiado yana chumvi, na mengi yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi ndiyo ifanyayo meno ya watoto yawe na madoa ya kahawia, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Hilo ni la kunywa. Kwa bustani, adui ni chumvi. Ukiona kingo za majani zinaungua na kukauka, na juu ya udongo pametanda ukungu mweupe kama unga, usimwagie zaidi ukidhani mmea una kiu. Ni chumvi iliyokusanyika, na kila ndoo unayoongeza yaongeza chumvi nyingine.

Maji bora kuliko yote huko ni ya paa. Hesabu yake ni nyepesi na twapenda kila mwenye nyumba aifanye mwenyewe: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita 80 za mraba. Ikinyesha milimita 20 kwa usiku mmoja, hizo ni lita 1600. Ukitoa moja ya tano kwa yanayomwagika, yabaki lita 1280, yaani mitungi 64 ya lita 20, kwa mvua moja, bila ya kumlipa mtu. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite ili isafishe vumbi na kinyesi cha ndege. Tunastaajabu kuona nyumba za ghorofa zenye mabati mapana zisizo na mfereji hata mmoja, na boza limesimama mlangoni kila wiki.

Lakini tangi la mvua halidumu kiangazi kizima. Hapo ndipo tunapofikia maji ambayo kila nyumba ya Kiislamu inayo kila siku, mvua ije isije, nayo humwagwa bila ya kutazamwa. Tuseme nyumba ina watu watano wanaotawadha, kila mmoja mara nne kwa siku, kwa lita mbili kila mara. Hizo ni lita 40, mitungi miwili kamili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi huitwa mustaamal: yenyewe ni tohara, ila hayafai kutoharishia tena. Kuyanyweshea mimea hakuna tatizo lolote. Kinachotakiwa ni beseni pana chini ya mahali pa kutawadhia, au bomba fupi la plastiki lipelekalo maji kwenye ndoo iliyo nje. Maji ya kustanjia yasichanganywe humo, kwani hayo hukumu yake ni nyingine.

Hapa pana tanbihi. Imepokewa kutoka kwa Anas, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha kujaa viganja viwili, haifiki lita. Lita zetu mbili tayari ni nyingi. Basi asije mtu akafungua mfereji kwa nguvu kwa hoja kwamba bustani nayo yataka kunywa. Kijana mmoja alitupa hoja hiyo kwa uso mkavu kabisa, na mama yake akamjibu kabla yetu.

Pamoja na maji ya udhu yapo ya kuoshea mchele, kunde na mboga, ambayo ni mazuri zaidi. Maji ya nguo yenye sabuni ya unga au dawa ya kung'arisha yaachwe, kwa kuwa yana chumvi zake. Na maji yote yaliyokwisha kutumika yamiminwe kwenye shina, yasirushiwe majani, hasa majani ya kuliwa mabichi kama giligilani.

Sasa udongo. Udongo wa Kitengela ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuchimba na kuutupa kabla ya kumwaga msingi, kwa sababu ukilowa huvimba na ukikauka hupasuka, na ukuta juu yake hupasuka pamoja nao. Si udongo masikini, una rutuba. Shida yake ni kwamba wakati wa mvua hushika maji mpaka mizizi ikakosa hewa, na wakati wa jua hukaza kama saruji. Kuulima kwa kina ni kazi ya trekta, si ya mama mwenye jembe moja. Dawa ni kupanda juu yake: tuta lililoinuliwa kiasi cha futi moja, lililozungushiwa mawe au mbao, likajazwa mchanganyiko wa udongo huo, mchanga na samadi iliyoiva, au gunia.

Gunia si jambo la dhiki. Kibera, baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na mwanzo wa 2008, familia nyingi zilipata mboga kutoka katika magunia yaliyosimama mlangoni, na katika mwaka wa Korona, 2020, Wizara ya Kilimo ilizindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani. Utengenezaji wake ni huu: katikati ya gunia husimamishwa nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yafike kote, pembeni hujazwa udongo na samadi, kisha ubavuni hutobolewa matundu ya miche. Bila ya ile nguzo ya kokoto maji hubaki juu na nusu ya chini hufa, na ndilo jambo wengi waliloliruka. Gunia moja lililojaa miche hutosheka kwa lita tano hivi kwa siku. Rudi kwenye zile lita 40 za udhu, na utaona kwamba nyumba ya watu watano yaweza kulisha magunia manane.

Samadi ndiyo neema ya Kajiado. Maboma ya Wamasai yana samadi ya mbuzi na ng'ombe ya miaka, na malori huichukua kuipeleka mashamba ya mbali. Ichukuliwe ya zamani, iliyokauka, iliyo nyeusi na isiyonuka. Mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu. Tumeulizwa mara nyingi kuhusu hukumu yake. Kwa Mashafi samadi ni najisi, lakini wanachuoni wametaja kuwa yajuzu kurutubishia ardhi kwayo, ingawa kwa karaha, na mmea utokao humo ni tohara. Huoshwa tu pale ilipougusa. Kuhusu kuiuza, kwa Mashafi haisihi bei ya kitu kilicho najisi chenyewe, hivyo mtu humlipa mwenye boma kwa kazi yake ya kukusanya na kupakia. Mahanafi wameruhusu bei hiyo, na Wamaliki huihesabu samadi ya mnyama aliwaye kuwa tohara tangu mwanzo. Basi asimtese jirani yake kwa jambo lenye wasaa.

Nini kipandwe? Hapa mtu wa pwani aache baadhi ya mazoea. Bamia na matembele hudumaa kwa baridi ya katikati ya mwaka. Viwekwe kwa miezi ya joto. Mchicha na kunde huchumwa majani baada ya wiki tatu au nne, na kunde huongeza rutuba ya udongo yenyewe. Mnavu hustawi vizuri sana, na mboga hizi za asili, zilizodharauliwa kwa miaka mingi, zimepewa heshima yake na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuzitafiti. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya wiki sita hadi nane, kisha huendelea kwa miezi. Nyumba ambayo haina budi kutumia maji ya kisima ielekee kwenye spinachi, kwani huvumilia chumvi. Maharagwe, karoti na vitunguu haviwezi. Nyanya tungewashauri wanaoanza waziache kwanza.

Majani makavu yatandazwe juu ya udongo ili jua lisiyanywe maji, na upande upepo utokako pawekwe wavu wa kivuli au safu ya mchaichai. Vidukari wakitokea, majani ya mwarubaini yaliyolowekwa usiku kucha hutosha.

Kuna mbuzi pia. Kajiado ni nchi ya wafugaji kabla ya kuwa nchi ya viwanja, na kundi hupita pale lilipopita tangu zamani. Kesi ya kondoo walioingia shambani usiku iliamuliwa na Nabii Daud na Nabii Sulaiman, imetajwa katika Sura ya Al-Anbiyaa, na wengi wa mafaqihi, akiwemo Imamu Shafi, wamefuata hadithi isemayo kwamba mchana mwenye mimea ndiye mlinzi wa mimea yake, na usiku mwenye mifugo ndiye wa kuwafunga. Kwa hivyo mbuzi akila sukuma yako saa nne asubuhi, na hukuweka ua, usiende kugombana bomani. Ua wa matawi ya miba, kama wafanyavyo wenyewe, hufanya kazi kuliko seng'enge.

Kwa msimu wa vuli, matuta na magunia yajazwe mwezi wa Septemba, na kitalu cha sukuma kimwagwe wiki nne kabla ya mvua kutarajiwa, chini ya kivuli. Mchicha na kunde zisiwekwe kitaluni. Hupandwa pale pale zitakapokaa, mvua ya kwanza ikishaingia.