KUUTAMBUA MATHENGE KATI YA MITI YA MIIBA

Toka Nakuru hata Baringo miti ya miiba ni mingi, na mfugaji aliyezaliwa huko huijua tangu utoto. Lakini mmoja ni mgeni, nao ungali mchanga hufanana mno na migunga. Wenyeji huuita mathenge. Wataalamu wa mimea huuita Prosopis juliflora. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, nao ulipandwa katika uwanda wa Marigat mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni.

Atakaye kuutambua asiitegemee miiba peke yake. Mathenge una miiba iliyonyooka, miwili miwili penye kifundo cha jani; na mgunga wa gome la manjano ulio kando ya Ziwa Nakuru una miiba ya namna hiyo hiyo, ila aghalabu ni myeupe. Kikwata haumpotezi mtu: miiba yake ni mifupi, imepinda kama ndoana, na kila aliyepita hapo na shati jipya anaufahamu.

Afadhali atazame maua. Maua ya mgunga huo wa manjano, na ya mgunga wa mwavuli, hukusanyika yakawa kitufe cha mviringo. Ya mathenge hujipanga katika kikonyo kirefu, mfano wa mkia mwembamba, rangi yake manjano iliyochanganyika na kijani. Tena maganda ya mgunga wa mwavuli hujisokota. Ya mathenge ni manene, yamenyooka au yamepinda kidogo, na yakiiva huwa ya manjano na matamu.

Utamu huo ndio ulioleta taabu. Mbuzi huyapenda maganda, sukari hukwama menoni, na meno huoza. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki Serikali, wakaleta mahakamani mbuzi asiye na meno. Mbegu nazo hupita tumboni mwa mnyama zikiwa nzima, kisha huota katika samadi, penye njia na kando ya maji. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu baya.

Mche usiochanua bado hutambulikana kwa jani. Jani la mathenge kwa kawaida hugawanyika vitawi viwili au vinne tu, na vijani vyake huweza kuzidi urefu wa sentimita moja. Vijani vya migunga tuliyoitaja ni vidogo zaidi, havifiki hata sentimita moja.

Mche wa mathenge ung'olewe pamoja na mzizi. Ukikatwa juu ya ardhi, kisiki huchipuka matawi mengi kuliko ya kwanza. Kwa hiyo mti mkubwa hauna budi kuchimbwa na kukatwa chini ya udongo. Maganda yakusanywe, yakaushwe na kusagwa pamoja na mbegu zake, ndipo yawe chakula kizuri cha mifugo. Na mche wa mgunga uachwe ukue, maana mbuzi hao hao watahitaji kivuli chake.