Hoteli Iliyonusurika Barabara Tatu

Ukiingia The George, hoteli ya kale ya Stamford, mji wa soko kando ya mto Welland nchini Uingereza, utakuta vyumba viwili mkabala: kimoja kinaitwa London, kingine York. Hapo ndipo abiria walipongojea magari ya farasi, yaliyofika arobaini kwa siku, ishirini kila upande. Farasi wakibadilishwa, abiria walikula mbiombio. Hoteli haikutegemea kitanda peke yake. Zizi, jiko na pipa la bia navyo viliingiza fedha.

Jengo kuu lililopo lilijengwa mwaka 1597 na Lord Burghley, mweka hazina wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, kwenye barabara ya London hadi Edinburgh. Jina la hoteli limetundikwa kwenye boriti inayovuka barabara nzima. Sijaona tangazo la biashara lenye ujeuri kama huo.

Kisha ikaja treni. Kufikia 1852 reli kuu ya kaskazini ilipita Peterborough na Grantham, Stamford ikaachwa pembeni. Biashara ya magari ya farasi ikafa, na nyumba nyingi za wageni za aina hii zikafa nayo. Motokaa zikairudisha riziki barabarani, lakini mwaka 1960 barabara ya mchepuko ikayaondoa malori mjini.

Pigo hilo la pili, kwa maoni yangu, ndilo lililoleta faida. Mji ulioachwa pembeni ulibaki na majengo yake ya mawe. Mwaka 1967 ukawa wa kwanza Uingereza kutangazwa eneo la hifadhi, na baadaye BBC wakaja kurekodi tamthilia ya Middlemarch. Mteja wa leo hapiti njia. Amekuja makusudi, kwa harusi, kwa chakula cha mchana kirefu, au kwa soko la Ijumaa. Huyo hana haraka, na asiye na haraka huagiza tena.

Gharama ndizo zinazobana. Tangu Aprili 2025 mwajiri hulipa mchango wa bima ya taifa wa asilimia 15 badala ya 13.8, na hoteli huajiri watu wengi. Kukarabati jengo la kibiashara la kihistoria hutozwa VAT ya asilimia 20. Nyumba mpya ya kuishi inayojengwa pembezoni mwa mji haitozwi hata senti.