Kope nzito: Si kila mara ni usingizi

Je, rafiki zako wamezoea kukuuliza, "Mbona leo umechoka hivi?" ilhali umelala usiku kucha bila kugeuka? Au umejitazama kwenye kioo ukaona jicho moja limefunguka barabara na la pili linaonekana kana kwamba bado linasinzia?

Mjini Maua, mtu mwenye kope nzito haulizwi maswali mengi. Huu ni mji wa miraa, na miraa haimsubiri mtu. Ikishachumwa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari hutoka mbio kuelekea Nairobi, kwa maana siku chache tu zikipita huwa imepoteza nguvu. Kwa hivyo anayeonekana na macho mazito huhesabiwa kuwa alikesha, ama akiitafuna au akiishughulikia. Jirani humtania, naye hucheka, na miezi hupita.

Aghalabu jirani huwa amesema kweli. Kukosa usingizi huyavimbisha macho. Lakini kathinoni, kemikali iliyomo ndani ya miraa, kazi yake ni kuuamsha mwili, hailegezi kope. Ukope ambao umeshuka na kukaa hapo, hata baada ya kulala vizuri wiki nzima, una sababu nyingine. Sababu hiyo yafaa ijulikane kabla hujamlipa mtu yeyote akurembeshe macho.

Ukope wa juu huinuliwa na msuli mwembamba unaoanzia nyuma kabisa ya tundu la jicho, ukaja kushikamana na ukope kwa utando mwembamba. Mtu akitazama mbele, ukingo wa ukope huo hufunika sehemu ya rangi ya jicho kwa milimita 1 au 2 hivi. Umri unapoendelea, utando huo hunyooka kama lastiki kuukuu na ukope ukashuka. Hali hiyo huweza kuwapata pia waliovaa lenzi za machoni kwa miaka mingi, na baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Kuna wengine ambao msuli wao hauna kasoro, ila ngozi ya ukope imezidi na kuning'inia mbele kama pazia. Na wengine, hasa wazee, zilizoshuka ni nyusi, zikausukuma ukope chini. Kwenye kioo hali hizi zote zafanana, lakini matibabu ni tofauti. Anayekatwa ngozi wakati kilicholegea ni utando wa msuli atatoka na kovu, na macho yake yatabaki yakisinzia vilevile.

Unaweza kujipima kidogo nyumbani. Simama mahali penye mwanga, tazama mbele, na ukandamize nyusi kwa vidole ili zisipande. Kisha mwombe mtu amulike tochi ndogo kutoka mbele yako. Ataona nukta ya mwanga katikati ya mboni. Kutoka kwenye nukta hiyo hadi ukingo wa ukope wa juu huwa ni milimita 4 au 5. Ikiwa ukope umeikaribia nukta, umeshuka. Mtazame pia mzee aliye nyumbani kwako. Akiwa kila mara ameinua kidevu anapozungumza nawe, paji la uso limejaa makunyanzi na jioni analalamika kichwa, huenda si maringo wala uzee tu. Anatumia nyusi kuinua kope ili aweze kuona.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halifai kungojea. Ukope ukianguka ghafla, kwa saa au siku chache, usiende kwa mrembeshaji wala duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa ikiwa pia unaumwa na kichwa au shingo, unaona vitu viwili viwili, au mboni za macho hazilingani. Huenda mshipa wa damu umevimba ubongoni na kuubana ujasiri unaoinua ukope. Kisukari nacho huweza kuudhuru ujasiri huo huo. Ukope ukishuka kidogo na mboni ya upande huo ikawa ndogo, madaktari huichunguza shingo, hata kifua.

Kuna maradhi mengine yenye hila zaidi, yaitwayo mayasthenia. Asubuhi kope ziko sawa. Kufikia jioni zimeshuka, na mtu hudhani ni uchovu wa kazi. Kadiri siku zinavyopita, sauti hudhoofika na kumeza chakula kukawa taabu. Daktari anaweza kuweka barafu juu ya ukope uliofungwa kwa dakika 2 hivi, na ukope ukiinuka hushuku maradhi haya. Yana dawa. Lakini ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje kesho. Na mtoto anayeamka na kope zilizovimba apelekwe apimwe mkojo, kwani figo zikiugua mara nyingi dalili huanzia machoni.

Watoto wana shida nyingine. Yuko anayezaliwa na ukope mmoja umeshuka kwa kuwa msuli haukukua sawasawa. Wazazi husema ataukomboa akikua, au kwamba amefanana na babu yake. Ikiwa ukope unaifunika mboni, ubongo haujifunzi kuona kwa jicho hilo, na mafunzo hayo hufanyika zaidi katika miaka 7 au 8 ya mwanzo. Baadaye ukope unaweza kuinuliwa, lakini uwezo wa kuona huenda usirudi. Mtoto kama huyo aonwe na daktari wa macho mapema, kabla hata ya kufikiria sura yake shuleni.

Tuseme basi umechunguzwa na hakuna maradhi, ila kope zimezeeka au hazikupendezi. Hapo una hiari. Upasuaji wa kupunguza ngozi ya ukope si jambo geni; al-Zahrawi, mganga wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika jinsi ya kuitibu ngozi iliyozidi. Siku hizi daktari huchora mstari kwenye mkunjo wa asili wa ukope, akakudunga sindano ya ganzi, akaondoa kipande cha ngozi na pengine mafuta kidogo, kisha akashona. Nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na uvimbe hupungua katika wiki mbili hivi. Wengi wetu huogopa makovu yanayovimba. Ngozi ya ukope mara chache hufanya hivyo, na kovu hujificha ndani ya mkunjo.

Ikiwa kilicholegea ni utando wa msuli, daktari huukaza. Msuli ukiwa dhaifu kabisa, kama kwa watoto niliowataja, ukope hufungwa kwa uzi maalum au utando uliotolewa pajani, ukaunganishwa na msuli wa paji la uso.

Hatari zipo. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halifungi, hukauka, na kioo chake huweza kupata kidonda. Kope zinaweza kutolingana, ukarudi kufanyiwa tena. Mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho; maumivu makali na kuona giza baada ya upasuaji ni jambo la kukimbiliwa wakati huo huo. Mwambie daktari kama una presha, kama macho yako hukauka, au kama unameza aspirini, lakini usiiache dawa ya moyo kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kwa wasiotaka kisu, Marekani iliidhinisha Julai 2020 matone yenye oksimetazolini kwa watu wazima ambao kope zao zimeshuka. Huinua ukope kwa saa kadhaa tu. Dawa ya jina hilo hilo huuzwa kwa ajili ya pua, ila kipimo na matayarisho yake ni tofauti. Tafadhali usiitie dawa ya pua machoni! Sindano za Botox, ambazo wengine huzitafuta ili kuinua nyusi, zikikosewa huweza kuushusha ukope kwa wiki kadhaa. Gundi na plasta za kope hazitibu kitu, na zinaweza kuiwasha ngozi.

Na umwendee nani? Kwa mkazi wa Maua, mwanzo mzuri ni hospitali ya Methodisti iliyo papo hapo mjini, au hospitali ya rufaa ya Meru. Afisa wa kliniki aliyesomea macho anaweza kukupima na kukuelekeza kwa daktari bingwa. Kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu ni mojawapo ya vinavyojulikana sana nchini. Binafsi simwamini anayekupa bei kabla ya kukupima uwezo wa kuona. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta Nairobi, na baraza la madaktari likaifunga kliniki hiyo. Baraza hilo lina orodha ya wenye leseni. Itazame, na uulize leseni ya daktari na ya jengo pia.

Kuhusu malipo, SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi huo huo. Kampuni nyingi za bima hazilipii urembo. Ukope ukiwa unaziba macho, omba upimwe upana wa kuona na uandikiwe barua, kisha uulize kabla ya kulazwa.

Siku ya kwenda kwa daktari, beba kitambulisho chako na picha yoyote ya zamani, ya harusi au ya shule. Ataitazama kwa makini kuliko unavyodhani, kwa kuwa ndiyo itakayomwonyesha kama ukope huo ulishuka mwaka huu au umekuwa hivyo tangu ujanani.