Visikizio Visivyo na Waya Ndani ya Matatu

Ukipanda matatu asubuhi kutoka Migori kuelekea Rongo, hebu tazama masikio ya abiria. Hutakosa watatu au wanne waliotia vijidude vidogo visivyo na waya. Wengine wanatikisa kichwa kwa muziki, wengine wanaongea peke yao. Wakati wa likizo, nyanya mmoja aliyeketi kando yangu alimwangalia kijana aliyekuwa akicheka mwenyewe tangu stendi, kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu ni mzima kweli?"

"Ni mzima, Nyanya. Anaongea na simu."

"Simu yenyewe iko wapi?"

Swali zuri! Simu iko mfukoni. Huigeuza sauti kuwa tarakimu, kisha huirusha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kisikizio. Ufundi huo huitwa Bluetooth. Ulianzia katika kampuni ya Ericsson, nchini Sweden, mwaka wa 1994, na jina lake ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Labda utauliza: mbona muziki wa huyu hauingii masikioni mwa yule, na wote wamebanana kiti kimoja? Kwanza, simu na kisikizio chake hujuana kabla ya kuanza kazi. Pili, havitulii mahali pamoja. Katika masafa ya gigahazi 2.4 mna njia 79, navyo huruka kutoka njia moja hadi nyingine kama panzi, mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio vinaoujua viwili hivyo tu.

Adui yao ni maji. Mawimbi haya hunywewa na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Ndiyo maana ukiikalia simu kwenye mfuko wa nyuma, muziki hukatikakatika. Itie mfuko wa shati uone.

Kwa upande wa kupiga simu, mimi sivisifu sana. Muziki husafiri upande mmoja tu, lakini mazungumzo huenda na kurudi, kwa hivyo sauti hupunguzwa ubora ili zote mbili zipate nafasi. Isitoshe, maikrofoni iko sikioni, mbali na mdomo. Mwenzako aliye Homa Bay atamsikia makanga akiita "Beba, beba, wawili!" kuliko anavyokusikia wewe.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Mngurumo wa injini ni sauti nzito, na sauti nzito hufunika nyingine nzito. Mpenzi wa benga, tuseme anasikiliza nyimbo za marehemu D. O. Misiani na Shirati Jazz, hulisikia gitaa jembamba vizuri lakini besi imemezwa na injini. Atafanya nini? Ataongeza sauti. Wakikaribia Awendo anaongeza tena. Injini ikizimwa stendini, gari zima linasikia wimbo wake, naye hana habari!

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 pekee. Tofauti hiyo ya 10 si ndogo, kwani kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu. Anayesafiri saa moja asubuhi na saa moja jioni huzimaliza saa zake nne Jumanne. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, nazo zikifa hazioti tena. Mwaka wa 2022 shirika hilo lilieleza kwamba zaidi ya vijana bilioni 1, wa miaka 12 hadi 35, wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia.

Viko visikizio vya bei ghali vinavyounda wimbi lililo kinyume na lile la mngurumo, na mawimbi hayo yakikutana yanauana. Faida yake ni kwamba utasikiliza kwa sauti ya chini. Hata vya bei nafuu, vile vyenye mpira unaoziba sikio sawasawa, husaidia kiasi.

Lakini sikio likizibwa, makanga naye amezibwa. Anayetoka Migori kwenda Homa Bay kwa gari la Kisii sharti ashuke Rongo apande jingine la kupitia Rodi Kopany, na Rongo haitangazwi kwa barua. Ni kelele moja tu, "Rongo, wa Homa Bay shukeni!", halafu gari linaondoka. Nimemwona jamaa akizinduka Suneka, akaanza kumfokea dereva bure. Mimi tukishapita Awendo hutoa kile cha sikio la kushoto, kwa sababu mlango uko upande huo na ndiko makanga husimama.