Bei ya Mtoto wa Maskini

Mwaka 1729 kilitoka Dublin kijitabu kisicho na jina la mwandishi, chenye pendekezo la kupunguza umaskini nchini Ireland. Kinaanza kwa upole: inasikitisha kuona barabara zimejaa akina mama ombaomba, kila mmoja akiandamwa na watoto watatu, wanne, hata sita waliovaa matambara. Msomaji anaitikia kwa kichwa. Kisha zinakuja hesabu. Kila mwaka maskini huzaa watoto 120,000. Watoto 20,000 waachwe kwa ajili ya mbegu. 100,000 waliobaki, wakitimiza mwaka mmoja, wauzwe kwa matajiri waliwe. Kumlea mtoto kwa mwaka ni shilingi 2, matambara yakiwemo. Mnunuzi atatoa 10. Mama atabaki na faida ya 8. Hata ngozi haitupwi: itashonewa glavu za mabibi na viatu vya mabwana vya kiangazi.

Mwandishi alikuwa Jonathan Swift, mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin. Ili kuiona tashtiti yake inavyofanya kazi, tusimchanganye na msemaji aliyembuni. Msemaji huyu hatukani wala hafoki. Ni mstaarabu, anaitakia nchi mema na anajua takwimu. Kilichompotea ni kwamba hao anaowajumlisha na kuwatoa ni watu. Kwake mtoto wa mwaka mmoja ni ratili 28.

Lugha hiyo Swift hakuizua. Katika karne ya 17, William Petty alikwisha kuwakadiria Waairishi kwa pauni, kila kichwa na thamani yake. Sheria ya 1699 nayo ilizuia Ireland kuuza vitambaa vya sufu katika nchi za kigeni, makabaila wengi walitumbua kodi za mashamba yao wakiwa Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1720 mavuno yalikuwa mabaya. Ndiyo maana msemaji anapodai kwamba nyama hii inawafaa zaidi makabaila, kwa kuwa wamekwisha kuwatafuna wazazi, mzaha unageuka kuwa mashtaka.

Karibu na mwisho, msemaji hataki kusikia dawa nyingine yoyote: kuwatoza kodi makabaila waishio ng'ambo, kununua bidhaa za nyumbani, kuwahurumia wapangaji. Anazikataa moja baada ya nyingine, kumbe ndizo Swift anazozitaka. Alikwisha kuzisema waziwazi. Kijitabu chake cha 1720, kilichohimiza matumizi ya bidhaa za Ireland, kilimfikisha mpiga chapa mahakamani. Kejeli ilikuja baada ya maneno ya kawaida kugonga mwamba.

Hata hivyo, Swift hakuwa mtetezi wa kila ombaomba. Mwaka 1737 aliandika, safari hii bila mzaha, kwamba ombaomba wa Dublin wavishwe beji za parokia zao na wageni wafukuzwe mjini. Hapo sauti yake inakaribiana na ya yule msemaji aliyemdhihaki miaka 8 kabla. Kwa hiyo, kuipima tashtiti kwa wema wa mwandishi hakutufikishi mbali. Tuulize kicheko kinamvua nani heshima. Kijitabu cha 1729 hakimcheki mama mwenye matambara. Kinamcheka bwana mwenye daftari, pamoja na msomaji aliyefuata hesabu zake bila kushtuka.