Saa Nane ya Usiku: Ukanda wa Saa katika Majaribio ya Programu

Mwanafunzi wa Meru anapomwambia mwenzake wa Embu, "Tukutane saa mbili asubuhi," hakuna anayepotea, ijapokuwa tarakilishi zao huandika 8:00. Makala haya yananuia kueleza ugumu unaozuka pale programu inapojaribiwa katika mitambo tofauti, na jinsi ugumu huo unavyotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Kenya hufuata saa ya Afrika Mashariki, iliyotangulia saa ya ulimwengu (UTC) kwa saa 3. Tuchukue mfano wa programu inayopokea tasnifu, na siku ya mwisho ni tarehe 31 Januari. Tasnifu inayowasilishwa Meru saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari imechelewa. Seva iliyowekewa UTC, hata hivyo, husoma 23:00 ya tarehe 31 na kuipokea. Hivyo basi, jaribio lililofaulu katika tarakilishi ya mwandishi hufeli kwenye seva, ilhali hapana herufi iliyobadilika.

Dawa ni jaribio kutaja ukanda wake lenyewe badala ya kuazima ule wa mtambo. Majina nayo yachungwe: Linux huuita ukanda wetu Africa/Nairobi, ilhali Windows huuita E. Africa Standard Time. Isitoshe, wakati wenyewe ubainishwe ndani ya jaribio. Jaribio linalotegemea "sasa" hufaulu mchana na kufeli usiku.

Tarehe za kale pia zina mitego. Kuanzia 1937 hadi 1942, Kenya ilitangulia kwa saa 2 na dakika 45. Matoleo ya awali ya hazina ya kanda za saa, inayotumiwa na mifumo mingi, yaliendeleza kipimo hicho hadi 1960, baadaye yakasahihishwa. Kwa hiyo, tukio la 1950 laweza kupishana kwa dakika 15 baina ya mtambo wenye toleo la zamani na wenye toleo jipya.

Je, Kiswahili kina nafasi gani hapa? Meru na Embu zimo karibu na Ikweta, na jua huchomoza takriban wakati ule ule mwaka mzima. Hesabu ya saa inayoanzia asubuhi inaafiki mazingira haya. Baadhi ya waandishi wa programu hushawishika kuipata hesabu hiyo kwa kurudisha ukanda nyuma kwa saa 6. Hilo ni kosa. Saa 2:00 ya usiku wa tarehe 1 Februari itageuka 20:00 ya tarehe 31 Januari: "saa nane" itapatikana, lakini tarehe itapotea, na mwanafunzi aliyechelewa ataonekana amewahi.

Kwa muhtasari, ukanda ni kazi ya hesabu, nalo jina la saa ni kazi ya lugha. Kila kimoja kina jaribio lake. Wataalamu wa Kiswahili wasipoketi na waandishi wa programu, nani atakayewaeleza kwamba saa mbili asubuhi si 2:00?