Mti Uliokatwa Haujafa

Katika mji wa Lubumbashi, nyumba nyingi hupika bukari kwa makala. Asubuhi mapema magari na baiskeli huingia mjini na mifuko ya makala. Mifuko imerundikwa juu ya baiskeli hata ukimtazama mwenye kuisukuma kwa nyuma, humwoni.

Makala hayo yatoka wapi? Yatoka katika msitu wa miombo. Msitu huu si kama ule wa Ituri, wenye miti mirefu iliyoshikana na giza chini yake. Miti ya miombo imeachana kidogo; jua hupita katikati, na chini huota nyasi. Kabla ya mvua za kwanza, majani machanga hutoka yakiwa mekundu kama shaba. Humo watu hupata uyoga, asali, dawa, na viwavi vya kula. Msitu huu hauishi Katanga. Wavuka mpaka na kuingia Zambia, Angola, Tanzania, hata Msumbiji.

Tazameni sasa kazi ya mchoma makala. Hukata miti, huipanga vipande vipande kuwa rundo kubwa, hulifunika kwa nyasi na madongoa ya udongo, kisha hutia moto kwa tundu dogo. Moto huo haupewi hewa nyingi. Hewa ikiingia sana, kuni zote huwaka na kuwa majivu, na kazi yote imepotea. Kwa sababu hiyo mtu hulinda rundo lake mchana na usiku, na akiona ufa hukimbia kuuziba kwa udongo. Siku nyingi hupita hivyo. Mwishoni hufunua na kupata makala, lakini si mengi: katika kilo 100 za kuni hupata kilo 10 mpaka 20 hivi. Kuni mbichi hutoa machache kuliko kuni zilizokauka vizuri. Sehemu nyingine yote imekwenda na moshi na mvuke.

Kile cheusi kinachochafua mikono ya mchoma makala, wenye elimu hukiita kaboni. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Watu wengi hudhani mti huitoa udongoni kwa mizizi. Sivyo. Majani huipata hewani. Katika hewa tunayovuta mna kidogo cha hewa ya kaboni, isiyoonekana wala kunuka. Majani huivuta, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa chakula cha mti, na chakula hicho huwa shina na matawi. Basi makala yakiwaka katika mbabula, kaboni yarudi hewani ilikotoka.

Hewa ya kaboni hushika joto la nchi kama blanketi lishikavyo joto la mwenye kulala. Zamani, kabla ya viwanda vikubwa, katika kila sehemu milioni moja za hewa mlikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya kaboni. Leo zimepita 420, na dunia yote imezidi kupata joto. Waliofanya hivyo zaidi ni watu wa nchi za viwanda, wanaochoma makaa ya mawe, petroli na gesi. Mama anayepika chakula cha watoto wake juu ya mbabula hana sehemu kubwa katika jambo hilo. Lakini msitu uliokatwa usiote tena nao huongeza hewa hiyo, na katika Congo sehemu kubwa ya hewa ya kaboni inayopanda yatoka katika misitu na mashamba, si katika viwanda.

Je, watu waache kukata miti? Wangepika kwa nini? Umeme haufiki katika kila nyumba, na wachoma makala nao wana watoto wa kulisha na karo za kulipa.

Lakini miombo ina tabia moja njema. Mti ukikatwa, mizizi haifi. Mvua zikija, kisiki hutoa machipukizi mengi, na mizizi nayo hutoa mengine. Machipukizi hayo hukua upesi kuliko mche wa mbegu, kwa kuwa mizizi ya chini ni ya zamani na ina nguvu. Yakiachwa, huvuta tena hewa ya kaboni mwaka kwa mwaka, na baada ya miaka ishirini au zaidi pana miti tena. Mahali pabaya ni pale rundo lilipochomewa: udongo umeiva kama tofali, na kuota ni kwa shida. Tena, mtu akifuata nyuma na jembe, akang'oa visiki vyote apande mahindi, miti hukawia sana kurudi.

Adui mkubwa wa machipukizi ni moto. Huko Ndola, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka, mabwana misitu walianza kupima jambo hili katika miaka ya 1930. Waligawa msitu vipande. Kimoja walikichoma kila mwaka mwisho wa kiangazi, nyasi zilipokuwa zimekauka kabisa. Kingine walikichoma mapema, nyasi zilipokuwa bado na unyevu. Kingine hawakukichoma. Miaka mingi ilipita. Kipande cha moto wa mwisho kikawa nyasi na miti michache tu. Kile cha moto wa mapema kilibaki msitu, kwa kuwa moto ule ni mdogo, nao hula nyasi ambazo zingewaka vikali mwezi wa tisa. Kile kisichochomwa kikasongamana sana. Lakini kukinga msitu mkubwa usiguswe na moto wowote ni kazi ngumu, na wawindaji na wachunga moto wa mashamba ni wengi.

Tangu 2014, amri ya serikali ya Congo huwapa wenyeji ruhusa ya kuomba msitu wao wenyewe, hata kufika hektari 50,000, nao huupata bila kikomo cha miaka. Wakiupata, wao ndio hupanga kipande gani kikatwe mwaka huu, kipande gani kipumzike, na siku gani ya mwezi wa tano au wa sita nyasi zichomwe kuzunguka machipukizi. Kipande kikikatwa leo na kulindwa vizuri, mtoto aliye sasa katika darasa la kwanza atakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake zamu ya kukikata tena itakapofika.